Ngazi Ndogo ya Frère Laurent

Goma, tarehe 8 Februari 1953

Yaya Perpétue, dada yangu mukubwa,

Tafuta kwanza kiti. Kama kiti hakuna, na najua hakuna, kaa juu ya kile kigogo cha Papa, mwite Papa, mwite Mama, mufukuze mbuzi, halafu usome kwa sauti, pole pole, bila kuruka maneno yanayonisifu.

Juma hili tulijenga paa. Si paa ya Kibumba, hiyo hata kuku anaweza kujenga. Ni paa ya mufano, ndogo kama kitanda cha mutoto, yenye mugongo mukali ili theluji iteleze ianguke chini. Theluji, yaya, ni ule weupe unaouona asubuhi zingine juu ya Karisimbi. Kwao Frère Laurent, yule bruda direkteri wa shule yetu ya useremala, weupe ule unashuka mupaka kwenye nyumba za watu na kuzivunja paa. Kwa hiyo programu yetu, ambayo ilivuka bahari kutoka Ubelgiji ndani ya kitabu cheusi, inasema mwaka wa tatu: paa ya theluji. Mimi nimekuwa wa kwanza. Siku ile theluji itashuka Kibumba watu wote watalia, isipokuwa nyinyi.

Frère alishika kiungo cha mbao zangu, akakitikisa, kikakataa kutikisika. Akasema kwa Kiswahili chake cha kutafuna: "Védaste, mikono yako ilizaliwa kwetu." Nikamujibu ilizaliwa Kibumba, lakini inakubali kutembea.

Jirani yangu wa benchi ni Wenceslas, Munande wa Butembo. Mutu muzuri wa kucheka naye, lakini ubao akiupiga randa unatoka kama mugongo wa mbuzi mwenye njaa.

Mwezi wa saba ninamaliza. Nitakuja na diplome, nitamujengea Papa nyumba ya mbao yenye mulango wa kufunga, na pale barabara ya Rutshuru inapopita mbele yetu nitaweka ateliye yangu. Wewe nitakupa kazi ya kufagia maranda. Maana masera, wale watawa wa misheni, walikuweka miaka kwenye shule yao kukufundisha kupiga pasi kola, na kwetu mwenye kola ni nani? Papa ana shati moja, na kola yake ililiwa na panya.

Barua zetu zinapita ofisini. Frère anazisoma, halafu anapiga kashe. Ukiona ile alama ya zambarau hapo chini, ujue hata muzungu amekubali kwamba mimi ni hodari.

Mimi mudogo wako,
Védaste, Fundi wa Theluji


Kibumba, tarehe 2 Machi 1953

Kwa Fundi wa Theluji,

Kigogo nimekikalia, mbuzi nimemufukuza, na maneno ya kukusifu sikuyaruka, ingawa yalinikwama shingoni. Papa alitaka nisome tena. Halafu akaichukua barua, yeye asiyejua hata A, akaenda kwa jirani Muzee Habarurema kumuonyesha kashe. Walikaa nayo mupaka jua likazama, kila mutu akiishika kwa zamu.

Papa anauliza: paa ya theluji inazuia mvua pia, ama inangoja theluji peke yake?

Amekata ile mikaratusi miwili ya nyuma. Wapasuaji walikuja, sasa mbao zimepangwa chini ya manyasi, zinakauka, zinakungoja. Kila asubuhi anazigeuza kama mutu anayegeuza mugonjwa. Mama anasema hajawahi kugeuzwa hivyo hata alipokuwa na malaria.

Julien, mudogo wetu, ndiye shida. Kile kisu ulichomuachia hakilali. Hakuna fimbo hapa nyumbani ambayo hajaichonga. Mwiko wangu ameuchonga ukawa kijiko cha dawa. Ana mikono huyu mutoto, Védaste, usicheke. Anasema atakushinda. Nilimuambia kwa kazi labda, lakini kwa kujisifu hatafika.

Kola usiicheke. Siku moja nitakuambia habari ya kola.

Yaya yako Perpétue, mufagia maranda


Goma, tarehe 26 Julai 1953

Yaya,

Usimuache Papa aende kunipokea barabarani. Bado.

Leo wametoa karatasi za kumaliza. Wenceslas amepewa. Ndiyo, yule yule! Yeye na wenzake ambao droo zao hazifunguki bila teke. Frère aliwashika mukono mumoja mumoja, akawaambia, "Nendeni, mumejifunza ya kutosha." Jina langu halikuitwa. Nikafikiri amelisahau, nikakohoa. Akacheka, akaniwekea mukono begani: "Wewe unabaki mwaka wa nne, Védaste. Mwaka wa kukamilisha."

Umeona sasa? Papa mwenyewe akivuna viazi, vile vibovu vibovu anavipeleka sokoni, vizuri anaviweka mbegu. Basi mimi ni mbegu. Mueleze hivyo, ataelewa. Mbao azigeuze mwaka mumoja tu zaidi. Ubao ukikauka sana ndiyo unapendeza.

Chakula ni kizuri, kitanda kizuri, Jumapili tunatembea kwa musitari mupaka ziwani na kurudi. Hakuna shule kama hii.

Védaste, Mbegu ya Useremala


Kibumba, tarehe 20 Septemba 1953

Védaste,

Papa ameelewa habari ya viazi, tena ameipenda mupaka anaisimulia kwenye misa. Ubao mumoja umeanza kujipinda. Ameuwekea jiwe juu.

Sasa sikia. Juzi amevaa lile shati lisilo na kola, akaenda kwa mupadri, akaomba nafasi ya Julien shuleni kwenu kwa mwaka ujao. Mupadri ameandika jina. Julien haongei kitu kingine. Ameniuliza mara ngapi sijui kama pale mutu analala na randa yake ama anairudisha.

Kosa ni lako. Umeipika hiyo shule kwa sukari mingi mno.

Perpétue


Goma, tarehe 15 Novemba 1953, kwa mukono wa Wenceslas

Yaya,

Barua hii haikupita ofisini, ameibeba Wenceslas, kwa hiyo haina kashe na inanuka vitunguu. Soma peke yako kwanza.

Wenceslas, ukimuangalia hapo anavyokuchekea, ana karatasi ya useremala mufukoni, na ni musaidizi wa kamiyo la mizigo. Anapakia vitunguu Butembo, anashusha Goma, mupaka jikoni kwetu. Hakuna aliyemuomba hata kigoda. Lakini anapita barabarani akiimba, anakula anapotaka, na akichoka anashuka kukojoa bila kuomba ruhusa. Namuonea wivu mupaka meno yananiuma. Mimi! Kumuonea wivu mugongo wa mbuzi!

Nikuambie ukweli, na usizoee. Kitabu cheusi kinasema mwaka wa nne: kuchora mipango, na kila mutu atengeneze kazi yake mwenyewe, kubwa, ya kumaliza. Kwao wanafanya hivyo. Hapa mwaka wa nne ni viti. Nyumba za wazungu kule Himbi zinaota kama uyoga, kila nyumba inataka viti, na sisi kila mutu ana kipande chake. Mimi ni miguu ya nyuma. Tangu mwezi wa nane natengeneza miguu ya nyuma. Kuna mwenzangu wa miguu ya mbele, kuna wa mugongo, na kuna wa kuunganisha ambaye amefungiwa chumba chake asipoteze gundi. Kiti kizima tunakiona kikipandishwa kwenye kamioneti. Sisi wenyewe tunakaa juu ya masanduku.

Mujinga anapewa karatasi kwa sababu anaharibu mbao. Hodari anabaki. Hiyo ndiyo habari ya mbegu, yaya. Nilikupa nusu yake.

Ukuta ni wa mawe meusi ya volkano. Tuliujenga sisi mwaka wa kwanza, na kwa bahati mbaya tuliujenga vizuri. Hata ningeupanda, Papa aliweka kidole kwenye mukataba wa shule. Nikitoka bila karatasi polisi atanirudisha, na Papa ataitwa kwa Administrateri kujieleza, yeye ambaye mbele ya muzungu anasahau hata jina la Mama.

Julien asije. Mikono yake umeisifu wewe mwenyewe. Akiingia hapa hatoki. Zungumza na Papa, na jibu umupe Wenceslas.

Védaste wa Miguu ya Nyuma


Kibumba, tarehe 13 Desemba 1953

Mudogo wangu,

Nilimusomea Papa. Ningekuwa na akili nisingemusomea.

Aliigeuza barua, akauliza, "Kashe iko wapi?" Nikamuambia hii haina. Akanuka karatasi. "Kwa hiyo yenye kashe inasema shule ni nzuri, na yenye vitunguu inasema ni mbaya. Mimi nimuamini kitunguu?" Mama akasema labda mutoto amechoka. Papa akamukata: "Hajachoka. Ana wivu. Amesikia mudogo wake ana mikono, anaogopa kushindwa." Julien alikuwa mulangoni. Alitabasamu, Védaste. Ulimufurahisha kuliko siku zote.

Nami nikuulize: nimuamini yupi? Tangu utoto wako unasema uongo ukicheka na ukweli ukicheka. Ulipoanguka mutini ukavunja mukono ulituambia umeruka.

Lakini nakuamini. Sasa habari ya kola. Kwa masera mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kwa pasi. Wenzangu walimaliza wakaenda kuolewa. Kwangu mimi, Masera Mukubwa alisema, "Perpétue hapana, Perpétue anajua kola." Nikabaki nikipiga pasi nguo za kanisa, asubuhi mupaka jioni, nikiwaona wenzangu wanapita nje na watoto mugongoni. Siku moja askofu akaja kutembelea, nami nikaunguza kola yake. Ikawa nyeusi kama mukate wa shetani. Siku ile ile nikatumwa nyumbani, Papa akaona haya mwezi muzima.

Sijamuambia mutu kama ilikuwa bahati mbaya.

Perpétue


Goma, tarehe 21 Februari 1954, kwa mukono wa Wenceslas

Yaya mushenzi, yaya malkia,

Nilicheka mupaka mwenye miguu ya mbele akafikiri nimeumwa na kitu. Ukaunguza askofu!

Basi nikajaribu. Nilichukua muguu wa nyuma, nikaapa kuuharibu. Nikaukata mufupi. Mukono wa kulia ukakata, wa kushoto ukashika kipimo bila kuulizwa, na nilipoangalia, muguu ulikuwa muzuri kuliko ule wa jana. Nikajaribu na patasi, nitoe tundu kubwa kuliko ule ulimi wa ubao unaoingia ndani yake. Kumbe tundu likakaa sawasawa. Nimeshindwa kushindwa. Wewe una roho ngumu, mimi nina mikono yenye majivuno kuliko mwenyewe.

Lakini nimepata njia nyingine, na hii ni ya kweli kweli.

Ofisini kwa Frère Laurent, juu ya rafu, kuna ngazi ndogo, urefu wake ni kutoka vidole mupaka kiwiko tu. Inajizungusha kama konokono, inapanda, halafu basi, haiendi popote. Mimi ndiye naipangusa vumbi. Juzi nilimuuliza ni ya nini. Akaishusha, akakaa nayo mapajani kama mutoto. Akaniambia alikuwa na umri wangu. Kwao, mwenye kumaliza anatengeneza kazi moja peke yake, haonyeshi mwalimu, halafu wanaitwa maseremala kutoka nje, watu wasio wa shule, wanaigeuza, wanaitafutia kosa. Wakikosa kosa, wanamushika mukono na kesho yake yuko huru, anaweza kufungua ateliye mahali anapotaka. "Walinigeuzia siku nzima," alisema. "Baba yangu alikuwa nje ya mulango, anavuta kiko kisicho na tumbako."

Nikamuuliza, "Na sisi, Frère, ngazi yetu ni lini?"

Akaipangusa ngazi pale nilipokuwa nimeshaipangusa. "Hapa programu ilipunguzwa. Nyinyi mutakuwa wasaidizi. Musaidizi hahitaji ngazi."

Lakini ngazi ile nimeipangusa mara nyingi, iko yote kichwani. Mabaki ya miguu ya nyuma ni mbao nzuri. Saa ya kupumzika muchana wenzangu wakilala, mimi natengeneza. Nitaiweka mezani kwake. Itabidi aniachie. Yeye mwenyewe ameachiwa kwa sababu ya kitu hiki, atasemaje?

Pasaka ninakula nyumbani. Muambie Papa ageuze mbao.

Védaste, Mwenye Ngazi


Kibumba, tarehe 2 Mei 1954

Védaste,

Pasaka tulikuwekea nyama. Papa alikaa barabarani mupaka kamiyo la mwisho.

Juma la pili yake ikaja kamioneti ya shule. Nikakimbia nje nikifikiri ni wewe. Akashuka Frère Laurent peke yake, amebeba kitu kimefungwa kitambaa. Akakaa juu ya kigogo chetu kama mutu wa nyumbani, akakifungua. Ngazi. Nikaijua kabla hajasema. Mama aligusa kwa kidole kimoja, akakirudisha haraka kama kimeungua.

Frère akamuambia Papa: "Nimefundisha katika nchi mbili, muzee. Kazi kama hii, hapa, ni mara ya kwanza." Machozi yalikuwa karibu, sikudanganyi, hata mimi nilimuonea huruma. Halafu akatoa karatasi. Akasema mikono kama hii haiwezi kuachwa ipotee njiani, utakuwa moniteri, utafundisha wengine, miaka mitatu. Kwa sababu umri wako bado, baba ndiye anakubali.

Nilisema, "Papa, ngoja." Nilisema kwa Kinyarwanda ili Frère asisikie. Papa hakunisikia pia. Alikuwa anaangalia ngazi. Alitafuta wino kwa kidole kama mutu mwenye kiu. Akakiweka.

Nisamehe. Nilikuwa nimesimama pale pale.

Papa amemuambia kila mutu njiani mupaka Rutshuru. Sasa anasema Julien ataingia mwezi wa tisa chini ya yaya yake moniteri, na nani tena atasema shule ni mbaya?

Perpétue


Goma, tarehe 16 Mei 1954, kwa mukono wa Wenceslas

Yaya,

Usiombe samahani. Ukuta niliujenga mwenyewe, na sasa nimeujengea na ngazi.

Alivyofanya ni hivi. Niliiweka mezani, nikasimama. Aliigeuza muda murefu. Nilimuona anatafuta kosa, nikafurahi: ndiyo sasa, sasa atawaita wale wa nje. Hakuita mutu. Akainuka, akaiweka kwenye rafu kando ya yake. Akasema, "Nitakuachaje uende?" Alisema kwa upendo, yaya. Ndiyo maana sikupata hata tusi la kumupa.

Kwao ngazi ilimufungulia mulango, hapa imenifungia wangu. Kitu kile kile, vidato vile vile. Nimefikiri sana, kichwa kimechoka, nikaacha.

Nimepewa koti la buluu. Natembea kati ya benchi mikono nyuma. Nawaambia watoto, "Tena." Jioni nalala chumba cha moniteri, dirisha linaangalia ukuta.

Sasa Julien. Egzame ya kuingia ni ya waya. Kila mutoto anapewa waya na umbo la mufano, anaupinda mupaka ufanane. Hiyo pia ilitoka kwao, walikuwa wanapimia watoto wa viwanda. Anayeweza anaingia, asiyeweza anarudi. Muambie aupinde vibaya. Muambie ni mimi nimesema. Muahidi kitu chochote.

Védaste


Kibumba, tarehe 22 Agosti 1954

Védaste,

Sikumuambia. Nilianza, akaniangalia nikaona ni wewe yule, wa miaka ile, kabla hujaondoka. Ningemuambia apinde vibaya angepinda vizuri mara mbili. Ni damu yako, na mikono yake pia haijui kushindwa.

Papa anamuleta yeye mwenyewe. Ameshona kola mupya kwenye shati. Nimeipiga pasi.

Wewe ndiye utakuwa ndani. Mimi nitakuwa Kibumba.

Perpétue


Goma, tarehe 5 Septemba 1954, kwa mukono wa Wenceslas

Yaya,

Soma peke yako, na ukimaliza uchome. Safari hii si mchezo.

Waliketi kwenye masanduku yetu. Frère alikuwa mbele na saa yake. Mimi nagawa waya. Nilipofika kwa Julien aliinua uso, akaninong'oneza, "Moniteri." Kwa kunitania. Karibu nicheke.

Wenzake walikuwa bado wanageuza waya wakitafuta mwanzo, yeye amemaliza. Hakupima hata. Aliuangalia mufano mara moja, akaupinda kama mutu anayekunja nguo yake. Nilipita nyuma yake. Waya ule ulikuwa sawa kuliko mufano. Mufano, ukiuangalia karibu, una kasoro kidogo upande wa kushoto. Yeye alikuwa ameusahihisha.

Frère akaita, "Kusanya." Nikakusanya. Kutoka kwenye sanduku lake mupaka mezani ni hatua chache. Nilikuwa na waya za watu wote katika mukono mumoja, na yake katika mwingine. Nikaweka kidole gumba juu ya ile kona nzuri. Nikakandamiza.

Muguu wa kiti sikuweza kuuharibu, unakumbuka. Huu niliuweza. Ulilegea kama nta.

Frère aliuweka juu ya karatasi ya mufano, akatikisa kichwa. "Mudogo wako? Pole, Védaste. Mikono haiendi kwa damu." Nikajibu, "Ndiyo, Frère."

Papa alikuwa nje ya geti, ameshika kofia. Alikuwa amesimama wima kwa sababu ya kola.

"Ameingia?"

"Hapana, Papa."

"Huyu? Aliyechonga nyumba nzima?"

"Mikono yake si ya kazi hii."

Aliangalia koti langu la buluu, kifungo kwa kifungo. "Na wewe ulikuwa ndani, ukashindwa kumusaidia mudogo wako?"

"Moniteri hasaidii ndugu, Papa. Ni sheria."

Basi. Hakuna sheria kama hiyo. Nimesema uongo mwingi maishani, huu ndio wa kwanza ambao sikujisifu ndani yake. Papa alivaa kofia bila kuniaga. Julien hakulia. Alikuwa anaangalia chini, upande wa mikono yangu. Sijui aliona nini.

Usimuambie. Akijua alipinda vizuri atarudi mwaka kesho, na safari hiyo labda sitakuwa mimi wa kukusanya.

Védaste


Kibumba, tarehe 30 Januari 1955

Kwa Moniteri,

Ni Julien naandika. Yaya Perpétue hajui, hata makosa ni yangu peke yangu.

Niliona kidole chako. Niliona pale pale. Nilinyamaza kwa sababu Papa alikuwa amesema una wivu, nami nikafikiri kumbe ni kweli, na kumwambia Papa kwamba ni kweli ni vibaya kuliko kukosa shule. Tulirudi kwa miguu kutoka pale kamiyo lilipoharibika. Nilikuchukia njia nzima. Watu hapa wananiita Asiye na Mikono. Mutoto wa Muzee Habarurema ametunga wimbo.

Halafu kwenye Noeli Wenceslas akalala kwetu, daraja lilikuwa limekatika. Nikamuuliza, akanieleza habari ya miguu ya nyuma. Alicheka, halafu akaacha kucheka. Bado nakuchukia, lakini nusu.

Wenceslas akipita ananionyesha useremala, yale machache anayokumbuka. Anakumbuka vibaya. Nikimuuliza kwa nini, anasema, "Mimi nina diplome, wewe huna, nyamaza." Nimechukua mbao za Papa, zile zako. Papa aliona, akageuka upande mwingine kama hajaona. Ile iliyojipinda nimeitia kwenye mugongo, kumbe inaingia vizuri kuliko iliyonyooka.

Nimetengeneza kiti. Kizima. Mbele na nyuma.

Kinacheza kidogo. Papa anakikalia kila jioni barabarani, anakichezesha makusudi, tok, tok, ili wapita njia waangalie. Wakimuuliza ni cha nani anasema ni cha Asiye na Mikono.

Nikate muguu gani?

Julien


Goma, tarehe 13 Februari 1955, kwa mukono wa Wenceslas

Julien,

Usikate. Ukikata mumoja kesho utakata wa pili, na Papa ataishia chini. Weka kibao chembamba chini ya ule ulio mufupi. Ama kiache, kama Papa anapenda ile tok, tok.

Waya wako ulikuwa sawa kuliko mufano. Nimekuambia, na sasa ukirudi hapa nitakuvunja mikono kweli, wimbo uwe na maana.

Ngazi mbili ziko kwenye rafu, yangu na ya Frère. Nazipangusa zote. Kuna mutoto mupya, anaitwa Ferdinand, anapita pale kila siku kuziangalia. Jana aliniuliza ni za nini. Nilimuambia ni za vumbi, nikamupa muguu wa nyuma na patasi, nikamuonyesha jinsi ya kukosea. Anajifunza haraka. Kufika mwezi wa saba, ataharibu vya kutosha.

Sasa mimi nikuulize, na usicheke, nitasikia mupaka hapa. Miguu ya mbele uliiunganishaje na ya nyuma? Ulianza upande gani? Nani alikushikia wakati gundi inakauka? Na kilipokuwa kimesimama chenyewe mara ya kwanza, kabla mutu hajakikalia, kilikuwaje?

Mimi hiyo sijawahi kuiona.

Niandikie yote pole pole, bila kuruka. Nimewafukuza watoto benchini. Nimepata sanduku la kukalia.

Yaya yako,
Védaste